Kopi Namba Tatu

Kuna siku kompyuta yangu ilinitajia msaliti, na msaliti mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, kashika kikombe cha chai, anasubiri jibu kwa hamu kuliko mimi.

Na yeye ndiye aliyenisaidia kulipata hilo jibu.

Mtu mwenye akili zake angesema ngoja kwanza, hapa pana jambo. Mimi siku hiyo akili sijui nilikuwa nimeziacha wapi.

Nitawasimulia yote. Mkitaka kunitukana nitukaneni mwishoni, msinikatize.

Mimi ni mpiga video wa harusi. Studio yetu iko ghorofani, vyumba viwili, na chini yetu kuna duka linalokata vioo kuanzia asubuhi mpaka jioni, kriii, kriii, mpaka meno yanakufa ganzi. Nasema "yetu" kwa sababu tulikuwa wawili, mimi na Mkasi.

Mkasi ndiye mhariri. Jina lake halisi analitumia mama yake tu. Sisi wengine tunamwita Mkasi kwa jinsi anavyokata video. Ukimpa saa tano za harusi anakurudishia dakika arobaini, na hutajua kilichoondoka.

Tulianza miaka sita iliyopita na kamera ya kuazima. Ananiita dada, ingawa amenizidi miezi minne. Mwezi ule tulikuwa tumekubaliana awe mbia kamili. Mchoraji wa mabango alikuwa ameshaandika jina langu kwenye kibao kipya, akaacha nafasi pembeni kwa ajili ya jina lake.

Hiyo nafasi ikumbukeni, tutairudia.

Sasa, kazi yetu ina ugonjwa mmoja, nao ni wizi. Unapiga video leo, kesho unaikuta kwa mtu mwingine anajitangazia kwayo. Mwanzoni tuliweka nembo ya studio kwenye kona ya picha. Watu wakakata kona. Tukaihamishia katikati, wateja wakaja juu. Mama mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo mwanangu kaolewa na studio?"



Ndipo nikajifunza alama fiche.

Ni hivi. Picha ya video ni vidoti vingi sana vya mwanga. Kuna programu inachukua baadhi ya vidoti inavizidishia mwanga kidogo, vingine inavipunguzia, kidogo kiasi kwamba jicho la binadamu halioni tofauti. Lakini mpangilio wake umebeba namba.

Namba hiyo inarudiwa picha nzima. Ukikata kona, bado ipo. Simu ikiibana video ili itumike haraka, mara nyingi bado ipo. Kila mtu unampa kopi yenye namba yake, na kopi ikivuja unaipitisha kwenye programu ya kusomea, nayo inakutajia namba.

Nikaipanga kompyuta ya studio kwamba chochote kinachotoka mle ndani lazima kipigwe alama. Chochote kile. Nilijiona nimemaliza.

Mkasi alinicheka. "Dada, siku hizi unaamini vidoti kuliko watu."

"Vidoti havina njaa," nikamwambia.

Tulicheka wote wawili siku hiyo.

Ikaja harusi ya binti wa Mzee Refa.

Mzee Refa alichezesha mpira miaka ishirini na sita. Refa mkali, asiyebembelezwa. Mtaani kuna watu wazima, wana wajukuu, lakini bado wana kinyongo naye kwa penalti ya enzi za ujana wao. Mkewe alifariki miaka miwili kabla ya hiyo harusi.

Siku ile akapewa maiki awaase maharusi. Akasimama wima, suti ya kijivu, saa mkono wa kushoto. Akamgeukia bintiye.

Akamwita kwa jina la marehemu mkewe.

Na hakushtuka. Akaendelea kwa sauti ya chini, "Umependeza, mke wangu. Umenikumbusha tulivyotoka kwenu kwa miguu, viatu umevishika mkononi kwa sababu vilikuwa vipya na njia ina tope."

 Binti akamshika baba yake mkono. Hapo ndipo mzee alipozinduka, akatazama huku na huku, akaangua kilio mbele ya watu mia tatu.

Mimi nilikuwa nyuma ya kamera nalia vilevile. Kuna mahali picha inatikisika, huyo ni mimi.

Baada ya harusi binti akanifuata. "Hotuba ya baba isiingie kwenye video ya watu. Waliokuwepo waliona, inatosha."

Nikamwahidi kwa mdomo, nikaahidi kwa sahihi. Video ya kugawa ikatoka bila hotuba. Hotuba ikabaki kwenye kopi kamili tatu tu. Namba moja ya bibi harusi. Namba mbili ya Mzee Refa, kwenye flashi. Namba tatu ya Mkasi, akiba ya studio, iliyokaa kwenye kabati lake lenye kufuli.

Niliandika kwenye daftari: moja, mbili, tatu. Mwandiko mzuri kabisa.

Wiki tatu baadaye hotuba ya Mzee Refa ilikuwa kila simu.

Kipande cha dakika moja na ushee. Wamembandika vikatuni vinavyocheka kichwani. Wameweka vicheko juu ya sauti yake. Chini wameandika: "Refa kapoteza kadi zote." Na wale wa penalti, watu wazima na mvi zao, ndio walioongoza kukisambaza. Mmoja akaandika, "Leo kajipa nyekundu mwenyewe."



Mzee Refa alikuwa na kawaida ya kwenda uwanjani kila Jumamosi kutazama timu za mtaa. Jumamosi ile hakuonekana. Iliyofuata hakuonekana.

Bibi harusi akapanda ngazi za studio na viatu vya nyumbani, hajasuka, macho mekundu. Hakukaa.

"Baba hatoki chumbani," akasema. "Sahani tunamwachia mlangoni. Jana kaniuliza kama na mimi nilicheka."

Sikuweza kumtazama usoni.

"Ninyi ndio mlikuwa na video," akaendelea. "Nataka jina la aliyefanya hivi. Nikamwambie baba, huyu hapa, ni mtu mmoja, si dunia nzima."

"Nipe siku tatu."

"Nimekupa. Ukishindwa, jina nitakalompelekea ni lako."

Akashuka ngazi. Chini wakaendelea kukata vioo.

Nikajifungia na ile klipu. Nikaiweka kwenye programu ya kusomea. Jibu: hakuna alama.

Nikapakua nyingine. Hakuna alama. Nikapakua ya tatu, ya nne, ya tisa. Hakuna alama, hakuna alama. Nikaondoa vikatuni kimoja kimoja kwa mkono. Nikaongeza mwanga, nikapunguza. Nikaipiga ile meza teke na dole gumba likavimba, meza haikusema kitu.

Siku mbili zikaisha hivyo. Nilikuwa nimewekeza miezi ya kujifunza madude haya, nimejisifu kwa kila mpiga picha, halafu siku moja tu nayahitaji, yananitolea macho.

Siku ya tatu asubuhi Mkasi akasimama nyuma yangu na chai yake. Akatazama skrini kama dakika nzima.

"Mzee ni wa mkono wa kushoto?" akauliza.

"Sijui. Usinichanganye."

"Saa yake. Siku ya harusi ilikuwa mkono wa kushoto. Hapa iko kulia." Akaweka kidole kwenye skrini. "Wameigeuza picha, dada. Kushoto imekuwa kulia. Ndiyo maana mashine inasoma kinyumenyume. Igeuze uone."

Nikaigeuza. Nikabonyeza. Programu ikasoma, ikahesabu, ikatulia.

Alama imepatikana. Namba tatu. Uhakika asilimia tisini na saba.

Nikaisoma mara mbili. Nikafungua daftari, ingawa nilikuwa najua kilichoandikwa. Tatu: Mkasi.

Nikageuka na kiti. Bado alikuwa ameshika kikombe.

"Ni ya nani?" akauliza.

"Wewe niambie."

Akainama, akasoma. Nikaona uso unavyombadilika. Leo najua ule ulikuwa uso wa mtu aliyeshangaa. Siku ile niliuona wa mtu aliyekamatwa.

"Haiwezekani," akasema. "Kopi yangu iko kabatini."

"Asilimia tisini na saba, Mkasi."

"Basi hiyo tatu si ile niliyo nayo. Kopi yangu ni dakika arobaini nzima, sijaigusa. Hii imekatwa. Hebu irudishe mwanzo uangalie inavyoanza."

"Siangalii kitu."

"Sekunde mbili tu, dada. Angalia inavyoanza."

"Nimesema siangalii." Nilikuwa nimeshasimama. "Mzee wa watu analishwa mlangoni mithili ya mfungwa, wewe unaniambia inavyoanza? Miaka sita nakula na wewe, nalia shida zangu mbele yako. Toka."

Hakutoka mara moja. Alikwenda kwenye sinki, akaosha kikombe, akakipindua kwenye kitambaa. Akavua ufunguo wa studio kwenye mnyororo wake, akauweka juu ya daftari langu zuri.

"Siku ukiiangalia," akasema, "usinipigie."

Akashuka.

Mngedhani niliishia hapo. Thubutu.

Kuna grupu la wapiga picha na wahariri, watu mia mbili na kitu, ndimo tunamopeana kazi. Nikaandika humo kwa hasira: huyu mtu amevujisha video ya mteja, ushahidi ninao, msimpe kazi. Nikabandika picha ya skrini yenye ile namba. Nikaweka na uso wake.

 Mkasi akatoka kwenye grupu. Jioni ile watu wawili waliokuwa wamempa harusi zao ahariri wakamnyang'anya.

Bibi harusi nikampa jina. Alikwenda mpaka nyumbani kwa Mkasi akamwambia maneno yake mlangoni, majirani wote wametoka nje. Mama yake Mkasi alikuwepo.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilipoambiwa niliridhika.

Zikapita siku kumi na moja. Nikawa nahariri mwenyewe, vibaya. Wateja wanalalamika, mimi nanuna. Nilikuwa na hasira na kila kitu, na vioo, na ngazi, na mchoraji wa mabango aliyenipigia kuuliza ile nafasi aijaze nini.

Siku ya kumi na mbili nikaenda kwa mama yangu, kula na kulalamika.

Mama alikuwa mpiga chapa wa ofisi kabla hajastaafu. Ana simu aliyonunuliwa na kaka yangu, anaitumia kwa mambo mawili: kunipigia mimi na kuandika kwenye grupu la wajane wenzake. Ujumbe wake hauna kosa, kila nukta ipo mahali pake. Mambo ya vichekesho vya mtandaoni hana habari nayo.

"Mkasi hajambo?" akauliza, anamenya viazi.

"Mama, usinitajie huyo."

Nikamweleza. Nilimweleza kwa madoido yote, asilimia tisini na saba na kila kitu. Mama anasikiliza, kisu kimesimama.

"Video yenyewe ya nini?"

"Mzee mmoja, wanamcheka. Hii hapa." Nikamwekea. Nilimwekea ile niliyoisafisha, isiyo na vikatuni, isiyo na vicheko, iliyogeuzwa vizuri.

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani, akatazama.

"Kwani hii si ile yangu?" akasema.

"Yako ipi?"

"Uliyonitumia. Ya mzee anayemwita mkewe." Akairudisha mwanzo kwa kidole. "Ndiyo yenyewe. Inaanza hivihivi, giza kwanza, halafu mwanga unakuja polepole."

Nikaichukua simu, nikaitazama mwenyewe tangu mwanzo. 

Naomba niwaeleze hapo, maana ndipo penye aibu yangu yote. Mimi nina tabia moja kwenye video. Sianzi ghafla. Naanza na giza, kisha picha inafunguka taratibu, sekunde mbili. Mkasi hapendi kabisa. Yeye hukata moja kwa moja, pap, uko ndani. Miaka sita amekuwa akinitania, "Dada na mapazia yake." Katika studio ile hakuna mwingine anayeanza hivyo. Ni mimi tu.

Na kumbukumbu ikanirudia yote.

Siku tuliyomaliza zile kopi tatu, Mkasi alitoka mapema. Mimi nikabaki. Nikaitazama tena hotuba ya mzee, nikamkumbuka baba yangu, nikamkumbuka mama anavyokula peke yake. Nikakata kipande, dakika moja na sekunde kumi na moja. Nikakifungulia pazia. Nikakitoa, nikamtumia mama, nikaandika, "Ona huyu mzee anavyompenda mkewe."

Ahadi? Haikunijia hata kichwani. Mama ni mama, si mtu wa nje.

Na kompyuta ile, niliyoipanga mwenyewe kwamba chochote kikitoka kipigwe alama, ina kawaida moja: usipoibadilishia namba, inatumia ya mwisho. Ya mwisho ilikuwa tatu.

Sikuiandika kwenye daftari. Daftari lilikuwa la wateja.

"Mama," nikasema, "ulimtumia mtu?"

"Niliwatumia wajane wenzangu." Hakuona ubaya, na kwa nini auone. "Tulilia wote siku ile. Mwanangu, mbona jasho linakutoka?"

Kwenye lile grupu wako wamama arobaini. Mmoja kampa mkwe wake, mkwe kampa rafiki, rafiki ni mtoto wa mtu wa penalti. Baadaye niliufuata ule mnyororo mpaka nikachoka. Haukuwa na kazi tena. Kichwa chake nilikuwa mimi.

Nikampigia Mkasi. Namba yangu ameifunga. Nikaenda kwake. Mama yake akafungua mlango nusu, akanitazama kuanzia miguuni.

"Hayupo."

"Shikamoo, mama. Naomba nimsubiri."

"Mwanangu alikuja hapa akakaa kwenye kiti hicho siku nne bila kuongea," akasema. Shikamoo hakuiitikia. "Hutamsubiri hapa."

Mlango ukafungwa. Alikuwa na haki yake.

Nikarudi kwa mama kama mtoto aliyechapwa. Nikamwambia naenda kwa Mzee Refa kukiri, asubuhi. Mama akavaa viatu palepale. "Twende sasa hivi, wote wawili. Na mimi mkono wangu umo."

Mzee alitufungulia mwenyewe. Amekonda, ndevu zimeota ovyo. Chumba kina kitanda, redio, na filimbi imening'inia kwenye msumari. Binti yake alikuwepo, akabaki amesimama mlangoni, amekunja mikono.

Nilisema yote. Sikujipunguzia. Bibi harusi alifungua mdomo, akaufunga, machozi yakamtoka, na nikajua anafikiria yale aliyomwambia Mkasi mbele ya majirani.

Mzee Refa akakaa kitandani.

"Huyo mwenzako," akasema hatimaye, "ulimtoa mbele za watu?"

"Ndiyo, baba. Watu mia mbili."

"Alisema neno ukamsikiliza?"

"Aliniomba niangalie sekunde mbili. Sikuangalia."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. "Mimi niliwahi kumtoa kijana uwanjani kwa kosa la mwingine. Wamevaa jezi moja, nilikuwa mbali, nikaona namba mgongoni nikaiamini. Kumbe walikuwa wamebadilishana jezi chumbani. Baadaye nikamfuata pembeni kumwomba radhi. Akaniambia, refa, kadi ulinipa uwanja mzima unatazama, radhi unaniletea chooni. Hakuipokea. Amefariki hajaipokea."



Mama akasogeza kiti. Akatoa simu yake kwenye pochi. "Mzee mwenzangu," akasema, "mimi ndiye niliyewapelekea watu. Najua umeona walivyokucheka. Naomba uone na hapa kabla haijafika kwa hao."

Akamfungulia grupu la wajane, siku ile ya kwanza. Mzee akavaa miwani. Akaanza kusoma, mdomo unacheza.

Mmoja ameandika: "Yangu ni mwaka wa tisa, na bado natenga vikombe viwili." Mwingine: "Mimi namwita mwanangu kwa jina la baba yake kila siku, ameshazoea kuitika." Mwingine hakuandika kitu, ameweka tu picha ya viatu vya mwanamume vimepangwa mlangoni. Ni arobaini, mmoja baada ya mwingine.

Mzee alisoma mpaka mwisho. Akarudi juu, akasoma tena.

"Hawa hawakucheka," akasema.

"Hakuna aliyecheka, baba," mama akamjibu.

Akavua miwani akaifuta kwa shati. Kisha akamwambia bintiye alete wembe na maji ya moto.

Jumamosi ile alikwenda uwanjani. Wale wa penalti walikuwepo. Aliketi katikati yao na hakuna aliyethubutu kukohoa.

Mimi nikarudi studio, nikaweka kamera mbele yangu. Nikasema kwenye lile grupu la watu mia mbili kile nilichowaambia ninyi hapa, uso wangu, sauti yangu. Kwamba video niliivujisha mimi. Kwamba namba nilisahau mimi. Kwamba Mkasi ndiye aliyeniwezesha kuisoma, na mtu mwenye hatia hamwonyeshi polisi alama ya kiatu chake. Bibi harusi naye alirudi kwa Mkasi, akasimama pale pale mlangoni, akaongea kwa sauti ileile majirani waisikie.

Wale waliomnyang'anya kazi walimrudia. Mwingine akampa ajira. Sasa anahariri kwenye studio kubwa upande wa pili wa mji, na nasikia wanampenda.

Kwangu hajarudi. Niliwahi kumtumia ufunguo wake, ukarudishwa.

Watu wananiuliza kama bado natumia alama fiche. Natumia. Ile programu haikusema uongo hata kidogo. Iliniambia namba tatu, na ilikuwa namba tatu. Aliyeongeza jina ni mimi. Basi ninyi mnaopiga picha, mnaorekodi, mnaoshika ushahidi wa mtu mikononi: wekeni alama zenu, andikeni na kile mnachomtumia mama. Na mtu akikuomba sekunde mbili za kutazama, mpe. Mimi nilimnyima, nikapoteza miaka sita.

Mchoraji wa mabango alikuja tena juzi. Anasema kibao kinaonekana hakijakamilika, ananishauri achore ua pale pembeni. Nimemwambia aache kama kilivyo.

Na ile video ya kuomba radhi, Mkasi aliiona. Alikaa siku mbili, kisha akanitumia ujumbe kwa namba nisiyoijua. Ndio ujumbe pekee niliopata kwake mpaka leo, na nimeuhifadhi.

"Nimeiangalia inavyoanza. Hukuweka pazia. Afadhali."